Wageni wa Hoteli ya Golfe

Asubuhi ile jua lilikuwa limechomoza vizuri juu ya ziwa, na Adèle Cibalonza alimsuka binti yake Bintu barazani kabla ya kwenda kazini. Alikuwa ingénieur, mhandisi wa ujenzi, mkaaji wa mtaa wa Nguba, mtu wa misa ya kila Jumapili lakini si mwepesi wa kuogopa. Kazi aliyopewa ilikuwa imezungumzwa mji mzima: kubomoa Hoteli ya Golfe, ile ya zamani katikati ya Bukavu yenye baraza za mviringo, na kusimamisha mahali pake jengo refu la vioo. Wazee waliofanyia harusi zao pale walinung'unika. Lakini paa lilivuja, kuta zilipasuka, na miaka mingi hakuna mtu aliyelala humo.

Walianzia juu. Vitanda, makabati, mazulia, vyote vilishatolewa. Wafanyakazi waling'oa mabati wakaanza kupiga kuta kwa nyundo, huku wakiimba. Kuelekea saa sita, kapita wao, msimamizi Mushagalusa, akainua mkono. Nyundo zikanyamaza.

Chini yao, kwenye ghorofa tupu, mtu alikuwa anakokota valisi, sanduku la safari.

Adèle aliteremka mwenyewe. Hakuona mtu. Vumbi la koridoo halikuwa na unyayo hata mmoja. Ila hewa ilinukia sabuni na kahawa, kama hoteli iliyojaa.

Tangu siku hiyo, kila walipovunja ghorofa, sauti zilihamia ile ya chini yake. Kikohozi cha mwanaume. Viti vikisogezwa. Mama akimbembeleza mtoto. Wafanyakazi waliacha kuimba. Wengine waliacha kuja. Jioni moja Mushagalusa, aliyezeeka katika kazi ya kubomoa, alimvuta pembeni.

"Maman Ingénieur, bale batu beko banashuka."

"Batu gani, papa Mushagalusa?"

"Miye sijue. Mais tukimaliza etaji ya chini, bataenda wapi?"

Adèle alitazama ngazi za kushukia chini, akatoa simu yake.

Alimwita padri wa parokia yao, Jean-de-Dieu. Padri aliingia na maji ya baraka, akaanza sala kwa sauti kubwa. Katikati ya koridoo alisimama. Akainamisha kichwa taratibu, kama mtu anayenong'onezwa na mwenzake mfupi. Rangi ikamtoka usoni. Alitoka nje bila kumaliza sala.

"Mon père, umesikia nini?"

"Banauliza kama kuko fasi ingine ya kulala." Alifunga chupa ya maji ya baraka. "Usibajibu, mwanangu. Hata ukikasirika namna gani, usibajibu."

Siku ya mwisho mvua ilinyesha tangu asubuhi. Ilibaki ghorofa ya chini tu, na mashine ya kubomoa ilikataa kuwaka. Patron, tajiri mwenye jengo, alipiga simu kutoka Kinshasa: kama kazi haiishi leo, atatafuta ingénieur mwingine. Adèle alikata simu, akaingia ndani peke yake kukagua nguzo. Wafanyakazi walibaki wamejikunyata chini ya hema, wakimtazama.

Alipofika ukumbini, mlango ukajifunga nyuma yake.

Hakuona mtu. Lakini walikuwepo. Walikuwa wengi. Valisi ziligongana. Watu walikohoa. Mtoto alilia. Kitambaa chenye maji kilimgusa mkono. Pumzi ya mtu ikampita shingoni. Baridi. Alisukuma mlango. Haukusogea. Akasukuma tena. Pumzi ikarudi, karibu zaidi.

"Mutoke!" alipiga kelele. "Muende kwenye munataka! Hata kwangu, mais mutoke hapa!"

Valisi ziliacha kugongana.

Kisha watu wengi wakashusha pumzi kwa pamoja. Na karibu kabisa na sikio lake, sauti ya bibi mzee, yenye adabu:

"Aksanti, maman."

Mlango ukafunguka wenyewe. Nje, mashine iliwaka mara moja. Kuta zilizobaki zikaanguka kama mkate uliolowa. Wafanyakazi walipiga makofi, wakakumbatiana. Mushagalusa peke yake hakupiga makofi. Alimtazama Adèle, akavua kofia yake.

Adèle alirudi nyumbani mvua ikiwa imekatika. Jirani yake, maman Mapendo, alikuwa amesimama kwenye portail, geti la nyumba, anatabasamu.

"Maman Bintu, leo munapata bageni mingi! Bamefika na mavalisi yabo, bamelowana bote, masikini. Nimebafungulia. Mulikuwa munabangojea, njo vile?"

Adèle aliangusha mkoba wake matopeni, akakimbia.

Mume wake, Héritier, alikuwa amesimama katikati ya salon, sebule yao, amembeba Bintu, mgongo ukutani. Mtoto alikuwa ameficha uso kwenye shingo ya baba yake.

"Usiongee," alinong'ona Héritier. "Beko mu koridoo."

Kabati lilifunguliwa vyumbani. Likafuata lingine. Maji yakaanza kutiririka bafuni. Mtu akakohoa.

Walitoka kinyumenyume, wakaingia garini, wakakimbilia Katana kwa mama yake Adèle na nguo walizokuwa wamevaa tu.

Walimwacha Bintu kwa bibi yake, wakarudi baada ya juma moja, mchana kweupe, pamoja na padri na Mushagalusa. Nyumba ilikuwa kavu, imetulia. Hakuna kitu kilichoibwa. Hakuna kilichovunjika.

Lakini kila mlango ulikuwa na namba.

Ziliandikwa kwa rangi ya kahawia, imekauka na kupasukapasuka, kana kwamba zilichorwa kabla Adèle hajazaliwa. Chumba chao cha kulala. Jikoni. Bafu. Hata mlango wa kabati la vyombo. Mushagalusa alichomoa kisu, akakwangua moja. Rangi ilitoka. Chini yake, ndani ya mbao yenyewe, kulikuwa na namba ileile. Alikwangua zaidi. Ilikuwepo bado.

Walifika kwenye chumba cha Bintu, mwisho wa koridoo. Kwenye kitasa kilining'inia kipande cha karatasi ngumu, kimegeuka njano kwa uzee, kimeandikwa kwa herufi nzuri, kama vile vya hotelini: Ne pas déranger, usisumbue.

Mlango ule haukuwahi kuwa na kufuli wala ufunguo. Héritier alizungusha kitasa, akasukuma kwa bega.

Ulikuwa umefungwa kwa ndani.