Mashine Ambayo Haikuzunguka

Angwenyi alikuwa amelala kifudifudi mbele ya mashine yake ya kukereza, shavu juu ya vipande vya chuma vilivyojiviringa kama nywele. Damu ilikuwa imetoka juu ya sikio la kushoto ikashuka hadi kwenye kola ya bwelasuti. Karibu na kiwiko chake palikuwa na ufunguo wa taya, chuma chenye umbo la herufi T, mzito kama nyundo.

"Huo ndio umemuua," sauti ilisema mlangoni. "Kila mtu anaona. Polisi wa nini hapa?"

Inspekta Ogada hakugeuka. Alichuchumaa, akatazama jeraha, kisha akasimama akaitazama mashine.

Ilikuwa mashine kuukuu. Mzungu aliyekuwa na shamba hilo la Nyansiongo aliiuza alipoondoka baada ya uhuru, na Angwenyi aliinunua pamoja na ekari zake. Sasa, mwaka wa 1972, hakukuwa na kinu cha mahindi wala trela ya ng'ombe upande wote ule ambayo haikupitia mikononi mwake. Injini ya dizeli ilikaa nje, chini ya paa la mabati, na mkanda wake ulipita kwenye tundu la ukuta kuja kuizungusha mashine.

"Nani alikuwa naye?" Ogada aliuliza.

"Mimi." Mwanamume mrefu wa makamo alisogea mbele. Mikono yake ilikuwa nyeusi kwa mafuta. "Naitwa Machogu. Mimi ni mtu wa injini. Nawasha, naangalia mkanda, natia dizeli. Kukereza alikuwa anakereza yeye."

"Eleza."

"Niliwasha injini. Yeye akafungua mashine. Alikuwa amesahau ufunguo kwenye taya. Ukaruka, ukampiga kichwa."

"Uliona?"

"Nilisikia. Nilikuwa nje. Nilisikia mashine inazunguka, halafu kishindo. Nikautoa mkanda, nikaingia, nikamkuta hivyo."

"Ulimgusa?"

"Hapana."

"Uligusa mashine?"

"Sijawahi kuigusa hiyo mashine. Alikuwa hataki mtu aiguse."

Maelezo hayo hayakuwa na kasoro, na Ogada alijua kwamba ajali kama hiyo hutokea. Kabla ya kuingia polisi alikuwa amejifunza ufundi katika karakana ya reli, Kisumu. Kichwa cha mashine kina taya tatu zinazobana chuma, na taya hizo hukazwa kwa ufunguo. Fundi akiusahau ufunguo pale pale halafu mashine ikazunguka, unaruka kama jiwe la kombeo.

Kipande cha nondo nene kilikuwa kimetokeza kwenye taya. Ogada alishika kichwa cha mashine kwa mikono miwili akakizungusha polepole. Kabla hakijamaliza mzunguko mmoja, nondo ilichomoka, ikaanguka kwa mlio juu ya reli za mashine.

Watu mlangoni walisogea kuona.

"Nondo hii haikuwa imekazwa," Ogada alisema. "Imechomekwa tu. Mashine ingezunguka hata kidogo, ningeikuta chini."

Machogu aliitazama nondo. "Labda ililegea."

"Labda."

Konstebo aliufunga ufunguo kwenye karatasi, akauweka kwenye mfuko wa ushahidi. Ogada alitoka nje. Umati ulikuwa umejaa uani, wanaume kwa wanawake, na hakuna aliyempa njia mpaka alipowasukuma kwa bega. Angwenyi alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista. Kesho yake ilikuwa Sabato, nao walitaka kumzika Jumapili.

"Tupe mwili wetu," mzee mmoja alidai.

"Unakwenda Kisii hospitali kwanza. Daktari ataupasua."

"Ataupasua! Mtu amekufa kwa ajali, nyinyi mnataka kumkatakata kama mbuzi?"

"Waletwe polisi wa kwetu!" mwingine alipaza sauti. "Huyu ametoka ziwani, anajua nini?"

Jiwe dogo liligonga bodi ya Landrova ya polisi. Konstebo alishika rungu lake. Ogada alimwashiria atulie.

Mjane, Persis, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba, wanawake wawili ubavuni mwake. Macho yake yalikuwa makavu.

"Pole, Mama," Ogada alisema kwa Kiswahili. "Nina maswali machache ya kukuuliza."

"Sina la kukujibu. Mume wangu ameuawa na mashine. Uishike mashine."

"Nani aliingia karakana kwanza baada ya Machogu kupiga kelele?"

"Mimi."

"Ukaona nini?"

"Niliona mume wangu amekufa. Ulitaka nione nini kingine?"

"Ukafanya nini?"

"Nikamtuma Machogu aite majirani." Kisha aligeuka kwa mwanamke wa kulia kwake, akasema kwa Ekegusii, haraka, bila hata kushusha sauti: "Kile chuma kiko ghalani chini ya mahindi. Mtu yeyote asifungue ghala mpaka huyu Mjaluo mwenye kichwa kama chungu aende zake."

Ogada alikunja daftari lake, akapita mbele yake kuelekea ghalani.

"Unakwenda wapi?" Persis aliinuka.

Inspekta alijibu kwa Ekegusii, lafudhi safi ya sokoni: "Kutafuta chuma, Mama. Baba yangu alishona nguo Suneka miaka mingi. Nimekulia pale. Hata hilo la chungu nimelisikia."

Persis aliketi tena.

Chini ya mahindi, ndani ya gunia, konstebo alitoa bomba la chuma lenye urefu wa mkono. Halikuwa bomba la maji. Nje lilikuwa limekerezwa likang'aa. Ndani lilikuwa limetobolewa kwa keekee ndefu, tundu moja lililonyooka toka mwanzo hadi mwisho. Upande mmoja ulikuwa umekatwa nyuzi za kuingizia skrubu nene.

Ulikuwa mtutu wa bunduki.

"Ulikuwa wapi huu?"

Persis aligeuza uso.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Sakafuni," alisema hatimaye. "Karibu naye. Alikuwa mzee wa kanisa! Ulitaka waumini waingie waukute? Nimeuficha. Nifunge kwa hilo."

"Nani aliuagiza?"

"Alikuwa haniambii. Walikuwa wanakuja, wanazungumza naye mle ndani, mlango umefungwa. Nikiuliza, ananiambia nikapike."

Ogada alitazama uani. Umati ule uliokuwa ukipiga kelele ulikuwa umeanza kurudi nyuma, mtu mmoja mmoja, bila kuaga. Machogu peke yake hakutikisika. Alikuwa akiutazama mtutu.

Daktari wa serikali alimaliza uchunguzi jioni ile. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Fuvu limepasuka mara mbili," alisema. "Mapigo mawili, sehemu moja. La pili limepigwa akiwa tayari ameinama au ameanguka."

"Chombo?"

"Huo ufunguo unafaa kabisa. Lakini ufunguo ukiruka kutoka kwenye mashine, Inspekta, haurudi kupiga tena."

Kituoni, Ogada alifungua kabati la vielelezo. Mwaka uliotangulia, wezi wa ng'ombe walivamia maboma ya Nyansiongo. Vijana waliwafuata. Mmoja wao, Ongeri, alipigwa risasi ya kifua akafa kwenye shamba la mahindi. Wezi walikimbia wakaangusha bunduki moja ya kienyeji. Kesi haikwenda popote. Hakuna aliyewahi kukamatwa.

Alikifungua kizibo cha chuma kilichofunga nyuma ya bunduki ile. Akakiingiza kwenye mtutu mpya uliotoka ghalani. Kiliingia kwa vidole viwili, kikazunguka bila kukwama hadi mwisho, kama kifuniko kwenye chupa yake.

Mashine moja. Mkono mmoja.

Alichukua faili ya kesi akalitafuta jina la baba wa marehemu Ongeri. Alipolisoma, aliifunga faili, akamwambia konstebo awashe Landrova.

Machogu alitolewa mahabusu asubuhi. Alikaa wima kwenye kiti, kofia magotini.

"Unajua haki yako," Ogada alisema. "Si lazima useme neno. Utakalosema litaandikwa na laweza kutolewa mahakamani."

"Nimesikia."

"Ongeri alikuwa mwanao."

"Hata wewe unajua. Iko kwenye karatasi zenu."

"Jana hukusema."

"Hukuuliza."

"Ulisema ulisikia mashine ikizunguka."

"Nilisikia."

"Haikuzunguka. Nondo ilikuwa haijakazwa. Angwenyi asingefanya hivyo hata akiwa mgonjwa. Aliyeichomeka anaijua karakana, lakini haijui mashine. Ni nani mwingine pale, Machogu?"

Machogu aliigeuza kofia magotini.

"Daktari amepata mapigo mawili."

"Daktari ni daktari."

"Ulipomwacha Persis pale, mtutu ulikuwa sakafuni. Uliporudi na majirani haukuwepo. Uliogopa kumuuliza."

Machogu aliinua uso. "Sikuogopa. Sikutaka kuuona tena."

Alijua alilolisema. Ogada alisubiri, kalamu mkononi.

"Andika basi," Machogu alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekasirika, si ya mtu aliyeshindwa. "Mkanda wa injini ulikuwa umeanza kuchanika. Yeye alikuwa ametoka kwenda chooni. Nikapanda juu ya benchi kutafuta kipande cha ngozi kule darini, mahali anapoweka vitu vyake. Nikaushika ule mtutu."

"Ulijuaje ni mtutu?"

"Wewe unaniuliza hivyo? Hapa hapa mlinipa ile bunduki niishike, mkaniuliza kama naijua. Nikasema siijui. Niliishika, Inspekta. Kile chuma kilichomuua mwanangu nilikishika kwa mikono hii. Sasa nikashika ndugu yake."

"Angwenyi akarudi."

"Akarudi. Nikamuuliza, hii ni nini? Akasema, rudisha pale. Nikamuuliza, na ile ya kwanza ni wewe? Hakukana. Nilitaka akane. Hata angenidanganya, labda ningemwamini, maana nilikuwa nataka. Akaniambia, 'Mimi nakereza chuma. Chuma kikitoka hapa si changu tena.'"

"Ndipo ukampiga?"

"Hapana." Machogu alitikisa kichwa. "Inspekta, vishikio vya jeneza la Ongeri nani alivitengeneza? Ni yeye. Alivikereza kwenye mashine ile ile, akavisugua vikang'aa, akaja navyo nyumbani kwangu, akaomba nasi. Nilimshukuru. Mke wangu alimpikia. Hilo ndilo nililomwambia jana. Nikamwambia, ulikula kwangu."

"Akajibu nini?"

Machogu alifumba macho.

"Akasema, 'Na injini aliwasha nani? Kila siku niliyokuwa nautoboa ule mtutu, ni wewe uliyekuwa unazungusha hendeli. Tukienda polisi, tunaenda wawili.' Akainama kuchukua nondo yake, aendelee na kazi. Akanipa mgongo. Nikauangusha mtutu; ufunguo ulikuwa pale kwenye benchi."

"Mara mbili."

"Ya kwanza ilikuwa ya Ongeri. Ya pili, kwa sababu alisema kweli. Andika hivyo. Injini niliiwasha mimi."

"Hukujua anachotengeneza."

"Nimesema andika!"

Ogada aliandika. Alimsomea maelezo yote, kwa Kiswahili kisha kwa Ekegusii, na Machogu akatia sahihi kwa herufi kubwa za shule ya misheni. Alionekana mtu aliyetua mzigo. Aliomba maji, akanywa yote.

Mkewe, Kemuma, alikuwa anangoja nje tangu alfajiri na kikapu cha ndizi zilizopikwa na shati safi. Hakuna aliyemwambia kitu. Ogada alimruhusu aingie, akabaki mlangoni.

Kemuma hakuketi. Alikiweka kikapu mezani.

"Baba Ongeri, ni wewe?"

"Ni mimi." Machogu alimweleza yote kwa Ekegusii: mtutu wa darini, vishikio vya jeneza, maneno ya Angwenyi. Aliongea kwa haraka, karibu kwa fahari, kama mtu anayemletea mkewe kitu alichomwahidi siku nyingi. "Nimemlipizia mwana wetu," alimaliza.

Mwanamke alimtazama. Hakulia.

"Wale waliompelekea Angwenyi kazi," alisema, "ni kina nani?"

"Sijui. Walikuwa wanafunga mlango."

"Persis anawajua?"

"Hawajui," Ogada alisema toka mlangoni, kwa Ekegusii. "Nimemuuliza sana."

Kemuma hakumwangalia. Macho yake hayakuondoka kwa mumewe.

"Basi aliyekuwa anawajua ni mmoja," alisema. "Yule aliyelenga kifua cha Ongeri, yule aliyefyatua, jina lake lilikuwa mdomoni mwa Angwenyi peke yake. Ungemfunga kamba. Ungemleta hapa kwa huyu Mjaluo. Angewataja, angekuwa anataka kujiokoa. Badala yake umemziba mdomo, ukaniletea habari."

Machogu alinyoosha mkono amshike.

"Leo wanakula chakula chao mahali fulani," Kemuma alisema, "na hawana wa kumwogopa tena. Umewasaidia wewe."

Alichukua shati akalikunjua, akampiga mumewe kifuani nalo, akatoka. Mapokezini, karibu na meza ya koplo wa zamu, Ogada alimsikia akiulizia njia ya kwenda kituo cha mabasi.

Nyuma ya Ogada, Machogu aliliinua lile shati usoni kwa mikono miwili, na ndipo kwa mara ya kwanza tangu mwanawe azikwe, alilia mpaka konstebo akatoka nje ya chumba.