Jicho la Kushoto la Primus

"Salvina ni nani?"

Primus alikuwa anafunga kamba za viatu vya mazoezi. Vidole vikasita.

"Salvina gani tena, mama Doris?"

"Huyu hapa!" Lukresia akamsogezea simu puani. Ujumbe ulisema: *Njoo kesho saa saba, daktari akienda kula. Pita mlango wa nyuma. Usimwambie mtu.*

"Ni mambo ya ngumi hayo."

"Siku hizi ngumi zinapigwa mlango wa nyuma?"

Primus akachukua taulo, huyoo, akaondoka. Mwanaume huyu alikuwa na miaka arobaini na mbili, na tangu mwaka 1982, akiwa kijana wa miaka ishirini, hajashuka ulingoni. Wenzake wote walishaacha, wanapalilia kahawa. Yeye bado anawaangusha vijana ambao angeweza kuwazaa. Moshi nzima ilijiuliza, huyu anadumuje? Wapo waliosema ni mtori, ile supu nzito ya ndizi, wapo waliosema ni dawa. Lukresia sasa alikuwa na jibu lake: kuna mwanamke. Roho ilimuuma, acha kabisa!

Kesho yake akajibanza nyuma ya zahanati moja pale mjini. Saa saba kamili Primus akatokea, akaangaza huku na huku, akaingia. Lukresia hakupiga hodi.

"Leo nimewakamata!"

Salvina, muuguzi, alikuwa amevaa sare yake yote hadi kofia. Primus alisimama katikati ya chumba, kiganja kimefunika jicho la kulia, mbele yake chati ya kupimia macho. Alikuwa anataja herufi kama mtoto wa chekechea.

"Mnafanya nini?" Lukresia akauliza, sauti imeshuka.

"Dada, sivyo unavyofikiria," Salvina akasema. "Namkaririsha herufi. Jicho la kushoto halioni, mwaka wa tatu huu. Kabla ya kila pambano daktari anampima, na yeye anasoma kwa kichwa."

Lukresia akatafuta kiti.

"Baba Doris, ni kweli?"

Primus akainama.

"Heri ningekukuta na mwanamke! Na hilo moja zima likipigwa kwenye pambano la Jumamosi?"

"Najua kujikinga."

"Ngumi usiyoiona unaikingaje?"

Jioni hiyohiyo Lukresia akafunga nguo zake, akapanda mlimani, kijijini Kilema, kwa wazazi wake. Meseji ikamfuata: *Rudi mke wangu. Pambano la Jumamosi ndilo la mwisho.*

Akajibu: *La mwisho ulisema mwaka 1996.*

Alhamisi asubuhi Primus akaingia uani kwa wakwe, ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Karibu, kaa." Mzee Ildefonce akalitazama lile jani, kisha akamgeukia binti yake. "Mumeo ameleta isale. Unajua kwetu haikataliwi."

Lukresia alijua. Tangu mababu, Mchaga akikuletea isale unasamehe, hata kama kifua kinawaka moto. Akalipokea kwa mikono miwili, akakaa kando ya mumewe.

"Nimekusamehe, baba Doris. Uongo wote, miaka yote mitatu."

Primus akashusha pumzi. "Asante mke wangu. Basi twende nyumbani, ili Jumamosi nipigane kwa amani."

"Jumamosi?" Lukresia akamkazia macho. "Isale ni ya kosa lililokwisha kutendeka. Hilo la Jumamosi bado hujalitenda. Ukilitenda kwa makusudi, usinipandishie majani hapa. Sitashuka."

"Hapo amekubana," mzee akasema.

Primus akatazama viganja vyake, vile vilivyomlisha miaka ishirini na zaidi. Kisha akatoa simu, akampigia Ebenezeri, mwandaaji wa pambano.

"Ebenezeri, tafuta bondia mwingine."

"Wewe! Mabango yamebandikwa mpaka mjini Mkuu! Unaumwa?"

"Sioni. Jicho la kushoto limekufa, mwaka wa tatu sasa."

"Acha masihara, bingwa. Nani mwingine anajua? Tunaweza kunyamaza..."

"Mke wangu anajua. Mwambie na daktari."

Akakata simu, akalia kwa kwikwi mbele ya mkwewe bila aibu, na lile jicho bovu nalo likalia. Lukresia alikuwa kushoto kwake. Akainuka, akazunguka, akakaa kulia ili mumewe amwone.