Nilinunua Ndege, Wakaacha Kukata Majani

Mimi ni mzee wa miaka sitini na saba, naishi Kasongo. Shule niliiacha darasa la tatu, na mpaka leo nikishika kalamu mkono unatoka jasho. Lakini mali niliitafuta mwenyewe! Nilianza kwa kusukuma baiskeli yenye madumu ya mawese kutoka Kabambare, matope mpaka magotini, na hakuna mutu aliyenisaidia. Sisemi hivi kwa kujisifu... Au labda ninajisifu. Ndio ugonjwa wangu, mtauona.

Miaka mingi sisi wafanyabiashara tulikodi ndege ndogo kutoka Bukavu. Tuliungana, kila mutu na mzigo wake. Ilitua kwenye uwanja wa majani kijijini kwetu, upande wa Wamaza, ikashusha chumvi na sabuni, ikapakia mchele. Mwenye ndege alikuwa na sheria moja: kama iko mugonjwa, mzigo unashuka, mugonjwa anapanda. Bure! Mara ngapi magunia yangu yalibaki chini kwa ajili ya mutu nisiyemjua? Nilikuwa nanuna siku nzima.

Na uwanja ule ulitunzwa na nani? Na wanakijiji. Walifanya salongo, ile kazi ya pamoja: wanaume wanafyeka, wanawake wanajaza mashimo. Siku zisizo na ndege, wamama walianika muhogo wao palepale. Wakisikia mlio angani, wanaukusanya mbio mbio huku wakicheka. Hakuna aliyewalipa.

Basi nikachoka kukodi. Nikamwambia mke wangu, Mama Zaina, kwamba nataka ndege yangu mwenyewe. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa.

"Baba Zaina, ile ya kukodi ina shida gani?"

"Ni ya watu. Nitapanda kitu cha watu mpaka lini?"

"Yako itataka fundi, itataka mafuta, itataka mahali pa kulala. Siku ikiharibika, utalia na nani?"

Nikamwambia mwanamke hajui mambo ya ndege. Akacheka. "Na wewe ulisomea wapi? Darasa la tatu?"

Kicheko kile kiliniuma... Nikanunua!

Ilikuwa ndege kuukuu, lakini yangu. Nikaandikisha jina langu ubavuni kwa rangi nyekundu. Nikaajiri rubani, Faustin, kijana mpole. Siku ya kwanza tulipotua kijijini watu waliimba. Na mimi nilifanya nini? Nilishuka na miwani yangu myeusi, nikakuta muhogo umeanikwa pembeni, nikaupiga teke! Nikatangaza kwamba pale si jikoni kwa mutu. Tena, kuanzia siku ile mugonjwa atalipa kama mzigo mwingine wowote.

Mama Feza, mwenye muhogo ule, aliuokota kwenye vumbi. "Haya, Patron," akasema, yaani bosi. "Basi na majani utakata mwenyewe."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, mpumbavu!

Salongo ikakoma. Mvua ikanyesha, majani yakapanda, vichuguu vikaota. Nikamfuata chefu wa kijiji awaamuru watu wafyeke. Akaniambia salongo ni ya kitu cha wote, mwenye chake atafute vibarua wake. Nilikuwa na uwezo wa kuwaita vibarua. Lakini niwalipe watu kwa kazi waliyoifanya bure miaka yote? Niliona ni kushindwa. Nikapeleka ndege yangu viwanja vingine. Wenzangu nao, bila mimi, hawakuweza tena kukodi ile ya Bukavu. Kijiji kikabaki hakina ndege hata moja.

Na katika kijiji kile ndiko alikokuwa ameolewa Zaina, mtoto wangu wa kwanza...

Mume wake, mwalimu, alinipigia simu asubuhi moja. Zaina ameshikwa na uchungu tangu jana, mutoto amekaa vibaya tumboni, muuguzi anasema apelekwe hospitali Kasongo upesi. "Baba, leta ndege!"

Tukaruka. Nilikaa mbele, karibu na Faustin, nikimwomba Mungu. Na tulipofika juu ya uwanja, wasomaji wangu, niliona kitu ambacho hakitanitoka machoni. Majani yalikuwa kiunoni, na ndani ya majani yale kulikuwa na watu. Wanaume na mapanga, wamama na majembe, wanafyeka kama wamerukwa na akili. Mama Feza alikuwa kati yao! Nilimjua kwa kitambaa chake cha njano. Wale niliowatukana walikuwa wanamkatia mtoto wangu njia.

Lakini uwanja ulikuwa mrefu. Walikuwa wamesafisha kipande tu.

"Patron, hapa sishuki," Faustin akasema. "Tutawaua hawa, na sisi tutakufa."

"Shuka! Nitakufukuza kazi!"

"Utanifukuza tukiwa chini, Papa."

Tukazunguka, tukazunguka tena. Watu walisimama, wakatutazama tukigeuka na kurudi... Kuna aibu kubwa kuliko ile?

Walimbeba Zaina kwa kitanda cha miti, halafu kwa pikipiki, njia nzima ile mbovu. Alifika Kasongo akiwa hai. Mutoto hakuwa hai tena. Alikuwa mwanaume. Mjukuu wangu wa kwanza.

Zaina alipopona, nilikuwa nimeshatuma watu kufyeka uwanja, kwa malipo, bila kubishana. Nikamwambia ndege inamngoja, imrudishe kwake. Alisimama mlangoni pa hospitali, akatazama chini.

"Asante, Baba. Nitapanda pikipiki."

Mama yake akamfunika kitenge mabegani, ile pikipiki ikaondoka, mimi nimebaki na funguo za ndege mkononi.

Ndege ile niliiuza. Leo nimerudi kukodi na wenzangu, na sheria ya mugonjwa imerudi, mimi ndiye ninayeisimamia. Siku ya salongo nakwenda na panga langu. Naanza mapema kwa sababu nguvu zimekwisha. Mama Feza ananipita na muhogo wake, ananiambia, "Kata vizuri, Patron," na mimi nakata.

Ninyi mliopata kidogo, nawaomba... Kabla hujanunua kitu ili kiitwe chako peke yako, tazama kwanza ni mikono ya nani inakishikilia. Mimi nilitazama nikiwa juu, nimechelewa. Zaina bado hajapanda ndege mpaka leo.