Siku Kompyuta ya Michoro Ilipohama

Kila siku baada ya shule, Upesi alipitia karakana ya mama yake mdogo kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo alibandikwa na familia nzima kwa sababu hakuna alichokifanya taratibu: alikula upesi, alifua upesi, na mara nyingi alirudia kufua. Hapo karakanani alifagia vipande vya nyuzi, kisha akaketi kutazama mashine ya kudarizi ikitoa nembo na maua juu ya vitambaa.

Michoro yote ya mashine hiyo, kazi ya miaka mingi ya mama mdogo, ilikaa ndani ya programu ya zamani isiyopatana na kompyuta za kisasa. Kwa hiyo fundi wa kompyuta, jirani yao mcheshi, alikuwa amewatengenezea kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyoshikika, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine kama faili moja kubwa. Sasa ile iliyoibeba ilikuwa imechoka. Ilinguruma na kuzimika ovyo. Mpya ilikuwa imekwisha nunuliwa, lakini programu yake ya kubebea kompyuta pepe ilikuwa ya aina nyingine. Ilibidi faili linakiliwe kwenye diski ya mkononi, kisha ligeuzwe umbo ili lipokelewe huko liendako.

"Kunakili nakuachia wewe, binti," fundi alimwambia Upesi. "Ila kwanza uizime kabisa ile kompyuta ya ndani. Usiilaze, uizime. Umenisikia?"

"Nimesikia, fundi! Kwani hiyo nayo ni kazi?"

Fundi alipoondoka, wenzake Upesi wakamwita kutoka nje. Mazoezi ya mpira wa pete yalikuwa yanaanza. Upesi alijua kwamba kompyuta ile huzimika kwa kujivuta sana, lakini kuilaza, yaani kuisinzisha bila kuizima, ni kufumba na kufumbua. Akailaza, akanakili faili, akatoka mbio.

Kesho yake fundi aligeuza faili umbo na kuliwasha kwenye kompyuta mpya. Kompyuta ya ndani ikafunguka! Mama mdogo akapiga makofi, lakini furaha haikudumu. Kila mchoro aliojaribu kuufungua uligoma. Hata nembo ya bendi ya shule, iliyotakiwa kudariziwa kwenye makoti asubuhi inayofuata, haikusomeka.

Fundi alirudia kugeuza faili. Wapi! Akakuna kichwa.

"Nadhani limeoza tangu kule kwenye diski ya zamani," alisema. "Pole sana, dada. Itabidi uchore upya. Hii kuukuu naifungua, niifute diski yake tuitumie kwa mambo mengine."

"Nichore upya yote?" mama mdogo aliuliza kwa sauti ndogo. Kisha akaketi na kufunika uso kwa viganja.

Upesi hakuwahi kumwona mama yake mdogo akilia. Akinyamaza, hakuna atakayejua, na lawama zote itabebeshwa kompyuta kuukuu. Tayari fundi alikuwa ameweka bisibisi kwenye skrubu ya kwanza. Upesi akapiga moyo konde.

"Fundi, ngoja! Mama mdogo, nisamehe. Jana sikuizima. Niliilaza tu, nikakimbilia mpira."

Fundi aligeuka polepole. Kisha, badala ya kufoka, alitupa bisibisi mezani na kurukia kiti.

"Kumbe! Kompyuta ikilazwa, sehemu ya kazi yake hubaki kichwani, kwenye faili dogo la pembeni, haijaingia kwenye faili kubwa. Sisi tumebeba kiwiliwili, kichwa tumekiacha humu. Kama bado kipo, tumepona!"

Wakaiwasha ile kuukuu. Ikanguruma, ikazimika. Wakaiwasha tena, ikazimika tena.

"Twende mama, twende," mama mdogo aliibembeleza, na ikakubali. Kompyuta ya ndani iliamka palepale ilipolazwa, nembo ya bendi ikiwa wazi kwenye kioo. Upesi alihifadhi kila kitu, akafunga programu, akabonyeza "zima". Maandishi yakatokea: tafadhali subiri. Wenzake wakamwita tena kutoka nje.

"Tangulieni!" alijibu bila kugeuza shingo. Alisubiri mpaka kioo kikawa cheusi kabisa, ndipo akanakili.

Fundi aligeuza faili umbo kwa mara nyingine na kuliwasha. Mchoro wa kwanza ukafunguka, wa pili ukafunguka, yote ikafunguka! Mara mashine ya kudarizi ikaanza kudunda, na tarumbeta ya dhahabu ikajitokeza kifuani mwa koti la kwanza. Mama mdogo alipiga kelele za furaha hadi wapita njia wakachungulia. Fundi alicheza ngoma isiyo na mpigaji.

Walipotulia, mama mdogo alimshika Upesi bega.

"Kuilaza ulikosea, na ulikuwa umeelekezwa. Kazi si kuimaliza tu, ni kuimaliza ilivyotakiwa. Lakini ungenyamaza, michoro yangu ingefutwa kabisa. Umesema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa, na hilo limeniokoa mimi."

"Na fundi aliyetaka kufuta diski kabla ya kuichunguza?" fundi aliuliza, akijikohoza.

"Huyo atakunja makoti yote!"

Wakacheka wote. Kisha mama mdogo alichomoa ile diski ya mkononi yenye nakala ya michoro yake yote, akaiweka kiganjani mwa Upesi.

"Hii utanitunzia wewe," alisema.