Pole Zangu Alipewa Mwingine

"Pole sana mama, Mungu akutie nguvu."

"Jamani nimelia! Mtoto mzuri hivyo kaondoka..."

Pole zilikuwa zinamiminika kwenye grupu letu la masomo. Mimi nimesimama kwenye duka la vitambaa ninakouza, simu mkononi. Mtoto aliyekuwa analiliwa ni wangu. Anayepewa pole ni shoga yangu!

Na mwanawe yupo, bukheri wa afya...

Ngoja niwaeleze. Tunasomea ualimu wa chekechea mtandaoni. Mada ya wiki ile ilikuwa "Mtoto aliyenifundisha kitu". Kila mtu anaandika, wenzake wanajadili, alama zinatoka humo humo.

Niliandika habari za binti yangu, tulizoea kumwita Kidoti. Aliumwa moyo. Akiwa kitandani hospitalini alikuwa anawafundisha wanasesere wake kuhesabu, na asiyejua anamwambia, "Usijali, kesho tutarudia." Sikuwahi kumsimulia mtu hayo, nilikuwa naogopa kulia.

Nikamtumia shoga yangu kwanza, anirekebishie. Yeye ndiye aliyenishika mkono siku ya mazishi, ningemficha nini?

Kumbe kabeba yote! Neno kwa neno. Kaandika "mwanangu"...

Nami nilikuwa nimeshaweka ya kwangu kabla sijaziona pole zile, na mwalimu akajibu mbele ya darasa zima.

"Kazi hii imeshawekwa na mwenzako. Umenakili. Unasimamishwa mpaka ujieleze."

Mimi! Nimnakili mtu kwa mtoto niliyemzaa?

Nikampigia shoga yangu.

"Umenifanyia nini wewe?"

"Nisamehe... muda ulikuwa unaisha, kichwa kitupu kabisa."

"Si ungeandika tu 'mtoto wa rafiki yangu'? Ningekukatalia?"

Nikasikia katuni nyuma yake, na mwanawe anacheka.

"Nilidhani ukisema ni ya mwenzio hupewi alama."

Mwalimu gani anamnyima mtu alama kwa kusema alikotoa habari?

Sikatai, alikiri kwenye grupu siku ile ile. Mwalimu akafuta alama zake, akaniomba radhi, nikarudi darasani. Nikakaa na simu, nasubiri.

Grupu likachafuka! Huyu anasema afukuzwe, yule anasema adhabu ni kali mno, mwingine anauliza kama kazi ijayo itasogezwa mbele. Nilisoma meseji moja moja mpaka ya mwisho.

Hakuna aliyeandika pole. Walishazitoa.

Ndugu zangu mnaosoma, ukichukua maneno ya mtu, hata sentensi moja, mtaje mwenyewe. Msiniambie ni maneno tu. Alama zangu nilipewa, hiyo sina neno. Lakini binti yangu alililiwa na darasa zima, na mama aliyebembelezwa hakuwa mimi.