Mgongo wa Kitabu cha Babu

Haya yalimkuta rafiki yangu Gervas, fundi wa kujalidi vitabu pale Chang'ombe. Jioni moja, Gervas akiwa amechoka hoi, Bi Zubeida alimletea kitabu cha marehemu babu yake, kilichojalidiwa kabla Gervas hajazaliwa.

"Fundi, babu alituusia mgongo usibanduliwe. Wewe kipake gundi tu."

"Sawa, Bi Zubeida."

Lakini gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu, na Gervas hakuwa na nguvu za kubishana. Mteja alipoondoka, akaubandua. Umeme ukakatika. Gizani akasikia kurasa zikifunuka zenyewe, taratibu, kisha kimya.

Akawasha tochi ya simu. Kwenye ile gundi kuukuu iliyokauka palikuwa na alama ya dole gumba, yenye mstari wa mshazari. Akaweka dole lake juu yake. Likaenea barabara, pamoja na mkato wa kisu alioupata juzi.