Neno Moja Kwenye Fomu ya Mama

Jumatatu, tarehe tatu Machi. Tangu alfajiri manyunyu yalikuwa yakianguka na hewa ilikuwa ya baridi. Lakini ndani ya chumba cha kufulia cha hospitali kulikuwa na joto. Mashine nne kubwa zilizunguka. Wanawake wawili walikuwa wakikunja mashuka, kila mmoja ameshika ncha mbili.

"Vuta," alisema mmoja.

"Nimevuta."

"Hujavuta. Leo umekuja mwili tu."

Aliyeambiwa hivyo alikuwa dobi wa hospitali ile kwa miaka kumi na moja. Ni kweli, akili yake haikuwa kwenye mashuka. Ilikuwa mfukoni mwa aproni yake, kwenye barua iliyofika Jumamosi kutoka ofisi ya uhamiaji.

Barua ilisema hivi: "Ombi la mama yako limesubiri pasipoti kwa miezi kumi na tisa. Usipoileta ndani ya siku thelathini, faili litafungwa."

Mama yake aliishi peke yake, katika nchi waliyozaliwa wote wawili. Macho yake yalikuwa yakififia. Mwezi uliopita alijimwagia maji ya moto mguuni kwa sababu hakuliona birika. Hakuwa na mtoto mwingine. Dobi aliiomba ofisi ya uhamiaji mama aje kuishi naye, na yeye mwenyewe awe mdhamini wake. Mdhamini ni mtu anayeiahidi serikali kwamba atamtunza mgeni wake.

Jioni, nyumbani, mume wake aliisoma barua. Yeye alikuwa mlinzi wa ghala.

"Mama watoto, pale sokoni kuna jamaa anatengeneza pasipoti," alisema. "Anataka picha tu. Siku tatu, imetoka."

"Anatengeneza au anaghushi?"

"Anaghushi vizuri."

"Baba watoto, na wewe ni mlinzi."

Mume akajikuna kichwa.

Kabla ya kula waliomba. Dobi aliomba kwa muda mrefu, mpaka watoto wao mapacha wakaanza kuchungulia sufuria. Aliposema amina, aliona wazi jambo moja: lazima amuulize anayejua. Akainuka bila kula.

Mlango wa pili, korido ile ile, aliishi mwanamke anayefanya kazi katika kituo cha msaada wa sheria. Mtaa mzima ulimwita Nukta. Alikuwa mfupi, na akisema jambo, limeisha.

"Hodi."

"Karibu, dada. Nimesikia nyayo zako. Umepita mlangoni mara tatu. Ulikuwa unapima korido?"

Dobi alimpa barua, pamoja na nakala ya fomu aliyoijaza zamani. Nukta alivaa miwani. Aliifuata fomu mstari kwa mstari kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Hapa wameuliza namba ya pasipoti. Umeandika nini?"

"Nimeandika 'bado'."

"Kwa hiyo anaipata lini?"

Dobi akatazama sakafu. "Hawezi kuipata. Vita vilipopita kwetu, ofisi ya vizazi iliungua na madaftari yote. Ofisi ya pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa. Mama ameenda mara tatu, na mara tatu wamemrudisha."

"Sasa 'bado' ya nini?"

"Ningeandikaje 'hana'? Ni kama kumfungia mlango. Kwetu hata bibi wa miaka themanini, ukimuuliza kama ameolewa, anakujibu 'bado'."

Nukta alicheka mpaka akavua miwani. "Mjomba wangu tumemzika juzi, na mke bado."

Kisha akavaa miwani tena.

"Sikiliza, dada. Neno hilo mtaani ni la heshima. Kwenye fomu lina maana moja tu. Karani aliposoma 'bado', alielewa kwamba pasipoti iko njiani. Akaliweka faili kwenye kabati la wanaosubiri. Hakukosea. Ulimwambia asubiri, akasubiri."

Dobi alikaa kitini taratibu. "Kumbe ni mimi mwenyewe. Miezi kumi na tisa. Na kila siku nilikuwa namwomba Mungu."

"Endelea kumwomba. Mungu anaijua hali ya mama yako. Karani haijui, mpaka umwandikie."

Mume alikuwa amemfuata mkewe, amesimama mlangoni. "Na yule jamaa wa sokoni?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Shemeji, ukipeleka pasipoti ya uongo ikagundulika, faili linafungwa. Mama anaweza kuzuiwa asiingie tena. Na mkeo anaweza kushtakiwa. Hilo liishe."

"Limeisha," alisema mume.

Kesho yake Nukta aliongozana na dobi hadi ofisi ya uhamiaji. "Kila nchi ina utaratibu wake," alimwambia njiani. "Nisikujaze maneno ya kubahatisha. Tunawauliza wenyewe."

Kwenye dirisha la maulizo Nukta aliuliza swali moja. "Mtu ambaye hawezi kabisa kupata pasipoti anafanyaje?"

Ofisa alijibu bila hata kushangaa. Mdhamini aandike barua ya maelezo. Aambatishe ushahidi kwamba mhusika alijaribu akakataliwa, na ushahidi wa kuonyesha mhusika huyo ni nani. Wakiridhika, ubalozi wao utampa karatasi ya kusafiria, ya safari moja tu.

Dobi alibaki ameduwaa mbele ya dirisha. Njia ilikuwepo siku zote. Hakuwa ameiulizia.

Jioni hiyo alimpigia mama yake.

"Mama, nenda tena ofisi ya pasipoti."

"Mwanangu, mara ya nne? Wale wameshanizoea kama nzi."

"Safari hii usiombe pasipoti. Omba barua, waandike kwamba hawawezi kukupa, na sababu yake."

"Yaani niende nikaombe kukataliwa?"

"Kwa maandishi, mama. Na muhuri."

"Hilo wanaliweza," alisema mama.

Siku ya tatu mama alikuwa na barua mkononi. Kisha alikwenda mahakamani na mwanamke mmoja aliyekua naye tangu utoto. Wote wawili waliapa mbele ya hakimu: huyu ni fulani, alizaliwa mahali fulani, mwaka fulani. Hakimu akagonga muhuri kwenye hati ya kiapo. Kwa upande wake dobi alitafuta cheti chake mwenyewe cha kuzaliwa. Yeye alizaliwa mji mwingine, na cheti kilipona. Jina la mama lilikuwa pale, limeandikwa kwa wino wa buluu.

Ikabaki barua ya maelezo. Dobi aliandika kurasa nne. Alianza na salamu, akaeleza vita, akaeleza birika, akamwombea karani na familia yake.

Nukta aliisoma yote. "Barua hii inatoa machozi," alisema. "Lakini karani anatafuta tarehe."

Wakakaa mezani. Wakapunguza. Ilipobaki nusu ukurasa, dobi alichukua fomu mpya. Alipofika kwenye kisanduku cha pasipoti, aliweka kalamu chini. Alifumba macho, midomo ikacheza kidogo. Kisha akaandika kwa herufi kubwa: HANA. HAWEZI KUIPATA. USHAHIDI UMEAMBATISHWA.

Aliipeleka mwenyewe pamoja na barua na ushahidi, siku ya ishirini na mbili kati ya zile thelathini. Alitoa nakala ya kila karatasi na kudai risiti kabla ya kuondoka dirishani, kama Nukta alivyomwelekeza.

Wiki tisa baadaye jibu lilifika kazini. Mwenzake wa mashuka ndiye aliyelisoma kwa sauti, maana mikono ya dobi ilikuwa imejaa povu. Ombi limekubaliwa. Ubalozi utatoa karatasi ya kusafiria. Dobi alipiga magoti pale pale, kwenye sakafu yenye maji ya sabuni. Mwenzake akazima mashine moja baada ya nyingine ili Mungu asikie vizuri.

Mama alifika Alhamisi, amevaa kandambili na koti la mtu mwingine. Aliwapapasa mapacha nyuso zao, mmoja mmoja. "Huyu ana pua yangu," alisema. "Pole yake."

Jumatatu walikwenda wote uhamiaji kukamilisha usajili. Ofisa, mwanamke wa makamo, aliiweka karatasi moja mbele ya dobi.

"Hii ni ahadi ya mdhamini. Isome kwa sauti, mbele ya mashahidi wawili, ndipo usaini."

Mume na Nukta wakasimama.

"Na mimi nikitaka kuosha vyombo?" aliuliza mama. "Nisije nikakaa kama sanamu."

"Bibi, kwenye ahadi hakuna vyombo," alisema ofisa. "Hayo mtaelewana nyumbani."

Dobi alishika mkono wa mama yake. Kwa mkono wake wa pili alishika karatasi. Alisoma taratibu, neno kwa neno, na watu wa kwenye foleni wakageuka kusikiliza:

"Mimi, mtoto wake, naahidi mbele ya ofisa huyu na mashahidi hawa wawili. Mama yangu atakaa nyumbani kwangu. Atakula tunachokula. Akiugua, nitamtibu. Sitamwacha. Mungu anisaidie."